Chai Zote za Baba Mdogo Anatoli

Binti yangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na sanduku la chai. Sisemi pakiti, nasema sanduku, la mbao iliyopakwa vanishi, lenye vyumba kumi na viwili ndani kana kwamba limetengenezwa kutunzia vidani. Akachemsha maji, akalifungua mbele ya pua yangu na kuniuliza, "Mama, chai gani?"

Naishi Muleba, hatua chache kutoka barabara ya mabasi, na mabasi yenyewe nayapanda kwa shida. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika sokoni najihesabu kuwa nimesafiri. Miaka yote hiyo nimekunywa chai bila kuhojiwa. Nikamjibu kwamba chai ni chai. Akanicheka, akachagua mwenyewe, akatumbukiza kamfuko kenye uzi kwenye kikombe. Mvuke ulipopanda nikasikia omujaja. Omujaja! Majani yanayoota nyuma ya jiko la kila nyumba ya Kihaya, ambayo hata mbuzi huyanusa na kupita zake, leo kuna mtu kayakausha, kayashonea mfuko, anawauzia watoto wetu ili waturudishie nyumbani. Nilikereka sana. Nikanywa vikombe viwili kwa hasira.

Ila kilichonikera zaidi ni lile swali. Niliwahi kulijibu nikiwa na miaka kumi hivi, mbele ya watu wazima, nikalijibu kwa kujiamini kabisa, na nusura jibu langu limwache baba yangu mdogo bila wa kumzika.

Nililelewa Kanazi, kwa Bibi, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa Mwanza, baba akifanya kazi melini, nami niliachwa kwa Bibi ili nisome, yaani nichote maji. Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba mbele, mibuni nyuma, na humo tulikaa watatu: Bibi, mimi, na Shangazi Adelina, ambaye aliachana na mumewe baada ya mume huyo kushindwa na ulimi wake. Wa nne, Baba Mdogo Anatoli, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa mtu wa kuja na kuondoka.

Sisi tulilima kahawa, na kahawa hatukuinywa. Tuliitafuna. Mgeni akiingia, kabla hajakaa sawasawa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, aliletewa kikapu kidogo chenye punje zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri kisha zikakaushwa. Alichukua moja, mbili, akatafuna, ndipo maneno yalipoanza. Kuinywa tuliwaachia Wazungu. Tulichokunywa wenyewe ni chai, ambayo kwenye kibanja chetu hapakuwa na mche wake hata mmoja. Aliyepanga mambo hivi sijui ni nani, ila hakutushauri.

Vita vilipoanza, mimi nilivijua kwa chai. Malori ya askari yalipita kuelekea mto Kagera, na watu wa ng'ambo ya mto waliokimbia walilala jikoni kwetu na chini ya migomba. Askari mmoja kijana, mtu wa pwani, aliomba chai. Bibi akampa ile aliyokuwa nayo, omujaja na maji ya moto.

"Bibi, hii chai gani?"

"Ya hapa."

"Majani yako wapi?"

"Si hayo yanaelea? Au macho yako umeyaacha kwenu?"

Askari akacheka mpaka akamwaga nusu. Baba Mdogo Anatoli, ambaye alikuwa bado hajaota ndevu za kueleweka, alikuwa amesimama pale akisikiliza. Siku chache baadaye akachukuliwa kwenye mgambo kubeba maboksi, na kwa kuwa hakuwa na mabega ya kubeba boksi, akapewa kuchemsha chai ya wenziwe. Hivyo ndivyo alivyokwenda vitani. Wengine walirudi na hadithi za mizinga. Yeye alirudi na chai.

Alisema nchi hii haina chai moja. Watu wa pwani wanataka ya rangi, yenye iliki na mdalasini, na ukiwatilia maziwa wanakutazama kama umewatilia sabuni. Watu wa nyanda za juu kusini, ambako chai inalimwa, wanaitaka nyeusi na chungu, kwa sababu wanajua ilivyo na hawataki kudanganywa. Watu wa Mara wanataka maziwa, na majani yapite tu kusalimia. Na kule Uganda, alisema, chai isiyo na maziwa wanaiita kavu. Jambo hilo lilinitesa wiki nzima. Kitu cha maji kitakuwaje kikavu? Nilimwuliza Bibi, akaniambia nikachote maji.

Baada ya vita ukaja uhaba, na hapo ndipo Bibi alipoanza utafiti. Sukari hakuna, majani hakuna, sabuni hakuna. Ndugu yetu mmoja aliyekuwa akichuma chai kwenye shamba kubwa karibu na ziwa alituletea fungu la majani mabichi. Bibi aliyaanika juu ya moshi wa jiko, palepale walipokuwa wananing'inia samaki, na kwa mwezi mzima tulikunywa sangara. Sukari ilipokosekana alitia omuramba, juisi ya ndizi kabla haijachacha. Maziwa yakakatika, tukapata kitu ambacho sina jina lake, na tukakinywa, kwa sababu Bibi alikuwa amekaa mbele yetu.

Baba Mdogo akaenda kisiwani Bumbire. Huko akafungua kibanda cha chai mwaloni, mahali mitumbwi inapoegeshwa, na wavuvi wa kila kabila wakawa wateja wake. Alirudi kila baada ya miezi, mnene, mwenye shati jipya, akiniletea darasa.

"Profesa Koku," ananiambia, mimi nikiwa darasa la pili, "mvuvi katoka Ukerewe, kalowa, anatetemeka. Chai gani?"

"Ya tangawizi!"

"Msukuma kauza samaki wake wote, ana furaha."

"Yenye sukari mpaka kijiko kisimame!"

"Mhaya?"

"Yoyote, mradi pesa asitoe yeye."

Shangazi Adelina akasema tunamharibu mtoto. Lakini ni huyo huyo Anatoli aliyenifundisha historia ambayo mwalimu wetu hakuijua. Mchina alikuwa anachemsha maji yake, jani likaanguka ndani, akaona uvivu kulitoa. Mhindi akatia viungo, kwa sababu kwa Mhindi hakuna kitu kinachopita jikoni bila kiungo. Mwingereza akatoa viungo, akabakiza maziwa, akasema ni yake. Mjerumani akaipanda milimani kule Tanga, akashindwa vita, akaondoka, chai ikabaki. "Na sisi?" niliuliza. "Sisi tuliuliza kama imebaki nyingine kwenye birika." Bibi alikuwa na historia yake fupi zaidi: chai ililetwa na mapadri, na kabla yake watu walikuwa wanaamka mapema.

Kisha ugonjwa ukaja. Wakati ule watu waliutaja kwa jina la mashati yaliyovushwa kutoka ng'ambo ya mpaka, na kwa kuwa Baba Mdogo alikuwa na mashati, mimi nilijua mambo ni ya nguo tu. Alishuka siku moja kwenye lori kutoka Muleba akiwa ameshikiliwa mikono miwili. Shati lilikuwa lilelile. Mtu ndani yake alikuwa amepungua nusu.

Shangazi Adelina alimtandikia chumba cha mbele. Jioni akachukua kikombe cha bati cha buluu, kikubwa, akakiweka peke yake juu ya rafu. "Hiki ni cha baba yako mdogo," akaniambia. "Cha peke yake. Mtu mwingine asikiguse."

Sasa naomba nieleweke. Nyumbani kwetu nilikuwa nimeona kikombe kimoja tu kilichotengwa maishani mwangu, nacho kilikuwa cha padri. Kilikaa kabatini, chenye maua, kikasubiri afike mara moja kwa mwaka. Ukikigusa, kofi. Hata marehemu Babu, nilihadithiwa, alikuwa na kibuyu chake cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mrija wake, na hakuna aliyethubutu kuuweka mdomoni, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyumba. Kwetu kutengewa chombo ni cheo. Nilichokiona ni kwamba Baba Mdogo amekuwa mkubwa. Nikamwuliza mwenyewe.

Akakitazama kikombe kile kwa muda. Akamtazama Shangazi, aliyekuwa anakunja nguo na hakuinua kichwa.

"Nimepandishwa cheo, Profesa," akasema. "Hata padri hana kikubwa kama hiki."

Nikaipeleka habari kisimani. Nilikuwa na baba mdogo mwenye kikombe chake, cha buluu, na wenzangu hawakuwa naye. Walinisikiliza kwa makini sana, nami nikadhani ni wivu.

Kila Jumapili baada ya misa, majirani walikuwa na desturi ya kupitia kwa Bibi kunywa chai. Walianza kupungua. Waliokuja walichukua kahawa kikapuni, wakatafuna, wakasifu migomba, na chai ilipoletwa walikuwa wametoka kunywa sasa hivi. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka kunywa sasa hivi. Sufuria lilirudi jikoni limejaa, na mimi na Shangazi tukalimaliza wenyewe mpaka tukawa tunatembea tunalia kama vibuyu.

Bibi hakucheka. Siku moja akasema, akiwa amelishika sufuria, "Asiyekunywa kwangu leo, siku ile atanichimbia?" Shangazi akamwambia anyamaze, Anatoli anasikia. "Asikie," akasema Bibi. "Yeye ndiye mwenye shida hiyo."

Nikaelewa hapo, kwa kiasi changu. Anatoli atakufa. Na kufa kwetu si jambo la mtu mmoja. Kaburi linataka wanaume wa kuchimba, na nyumba yetu haikuwa na mwanaume mwingine. Baba yangu alikuwa Mwanza, safari ya meli. Wachimbaji waliletwa na chama cha kuzikana, na chama kilikuwa Ta Projesti, katekista wetu. Ta ni heshima tunayompa mwanaume, na yeye alipenda aitwe nayo kila mara. Bila neno lake, jembe halikutoka kwenye nyumba ya mtu.

Bibi akamwalika Jumapili. Akaazima maziwa, akatoa sukari aliyokuwa ameificha mahali ambapo hata mimi sikupajua, na mimi nilijua mahali pote. Tukatandika nyasi mbichi. Baba Mdogo aliiongoza kazi akiwa kitandani, kupitia mlangoni.

"Projesti ni mtu wa maziwa. Koku! Maziwa yakianza kupanda ndipo utie majani, si kabla. Iliki moja. Igonge, usiitwange."

Nilipika chai ambayo nimejaribu kuirudia maisha yangu yote bila mafanikio. Ta Projesti akaja na mkewe Ma Yustina na wanaume watatu wa chama. Wakasalimiana na Bibi kwa ile salamu ndefu, "waitu" huku na "waitu" kule, wakakaa, wakatafuna kahawa. Nikaingia na sinia. Na kwa kuwa mgeni alikuwa mkubwa, na nyumba ilikuwa inamhitaji, na mimi ndiye niliyekuwa na akili kuliko wote, nikampa kile kikombe cha buluu.

Taya zikaacha kutafuna. Watoto wa kisimani walikuwa na wazazi, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria.

Ta Projesti alikishika kama mtu aliyepewa kifaranga. "Mjukuu," akasema polepole, "hii chai gani?"

"Ya maziwa, Ta Projesti, na iliki. Na hicho ni kikombe cha heshima. Ni cha Baba Mdogo peke yake, lakini leo nimekupa wewe."

"Yesu na Maria," akasema Ma Yustina.

Ta Projesti akakiweka kikombe kwenye nyasi. "Nimekumbuka, Ma Pelagia," akamwambia Bibi. "Nimefunga."

"Jumapili?" Bibi akauliza.

"Ni nadhiri."

"Nadhiri ya saa ngapi, Projesti? Kahawa umetafuna sasa hivi. Jino bado jeusi."

Akainuka. Wote wakainuka. Bibi akakiokota kile kikombe, akasimama nacho mlangoni ili wamwone wanavyopita kwenye migomba, akanywa. Alikunywa kwa kelele, yeye ambaye alikuwa anatupiga kwa kufyonza chai. Akanywa mpaka chini.

Kutoka chumbani ikaja sauti: "Mama, sukari imekolea?"

"Imekolea, mwanangu."

Shangazi Adelina alikuwa tayari amenishika sikio na anatafuta fimbo. "Adelina," sauti ikaita tena, "ukimpiga uanze na mimi. Mimi ndiye niliyemwambia ni cheo."

"Na cheo hicho nani alikupa?"

"Si wewe, dada yangu?"

Shangazi akaniachia sikio. Akakaa kwenye nyasi, pale alipokuwa amekaa Ma Yustina, akajifunika uso kwa kanga. Kesho yake aliniambia nioshe vikombe vyote kwenye beseni moja, na hakueleza zaidi. Leo kila mtoto wa shule anajua kwamba ugonjwa ule hausafiri kwa kikombe. Wakati ule hakuna aliyetuambia, na waliojua walikuwa mbali, wanakunywa chai yao.

Baada ya hapo hakuja mtu, hata wa kahawa. Nilimkuta Bibi siku moja nyuma ya mibuni, karibu na kaburi la Babu, anapiga jembe. Nikamwuliza anafanya nini. "Napanda maharage," akasema. Haukuwa msimu wa maharage. Ardhi ile ina mawe, na alikuwa amefika kina cha goti langu.

Baba Mdogo Anatoli alifariki asubuhi, wakati wa mvua. Bibi na Shangazi walipiga kilio, na kilio kwetu kinajibiwa: nyumba ya jirani inakipokea, ya pili inakipokea, mpaka kilima kizima kinajua. Cha kwetu kilitoka, kikaenda, kikakaa huko. Nilisimama uani nikisikiliza mvua inadondoka kwenye majani ya migomba, na nikajua kwamba ni mimi niliyefanya hivi kwa kikombe cha chai.

Kisha wakaja. Ta Projesti mbele, jembe begani, suruali ameikunja, na wanaume saba nyuma yake. Hakutazama mtu. Akaenda moja kwa moja nyuma ya mibuni, akaliona shimo la Bibi, akasimama juu yake kwa muda, akavua koti. Nilitaka kumpenda hapohapo. Lakini nyuma ya wanaume alikuwa anakuja Ma Yustina na birika kubwa kichwani, na mkononi kapu la vikombe.

"Wamekuja na chai yao," akasema Shangazi Adelina. "Msibani. Na chai yao!"

Kwetu jambo hilo halikuwa limewahi kuonekana. Mwenye msiba ndiye anayewapa wachimbaji, na sufuria letu lilikuwa limekwisha chemka. Walichimba, wakapumzika, wakamiminiwa kutoka birika lao. Tuliwasikia wakipuliza.

Mama wa marehemu hatoki kwenye mkeka. Bibi akatoka. Akapita kwenye mvua bila kujifunika, nami nyuma yake kwa sababu hakuna aliyenikataza, akafika kaburini, akanyoosha mkono.

"Projesti, nipe na mimi hiyo yenu."

Ma Yustina akaanza kutafuta kikombe kapuni. "Hapana," akasema Bibi. "Hicho anachonywea."

Ta Projesti akampa. Bibi akanywa nusu, taratibu, akamrudishia.

"Inayobaki ni yako."

Mzee yule alikitazama kikombe. Mvua ilikuwa inaingia ndani yake. Wanaume saba walikuwa wameegemea majembe. Akanywa yote. Sijui ilikuwa imani au aibu. Kwa mtu kama yule sidhani kama alikuwa anaweza kuvitofautisha. Akajifuta mdomo kwa mkono wenye udongo, akasema kwa sauti ya mtu aliyekerwa na kila kitu, "Haya, Koku. Leta sufuria la kwenu."

Nilileta. Niligawa mwenyewe, kila mtu kikombe chake. Ta Projesti alikunywa cha pili. Watano wakanywa, wawili kwa macho yaliyofumbwa. Wawili wengine walirudi nyuma kidogo, wakamwaga chao kwenye shina la mgomba, wakidhani sikuwaona.

Niliwaona. Nawajua wote wawili. Mmoja amekwisha kufa, na yule wa pili, kwa namna ambayo Mungu hupanga mambo bila kumshauri mtu, ni baba mkwe wangu. Ni mzee sana sasa. Kila akija Muleba namletea kikombe kilichojaa mpaka ukingoni, nakaa mbele yake, napiga soga, na siinuki mpaka nimeona kitako cha kikombe.